Kumsaidia Mtoto Mdogo Kuzitambua na Kuzistahimili Hisia Nzito

Mwongozo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili katika Maplewood na maeneo jirani

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, yaani saa 1:00 kwa hesabu ya saa za Marekani, ving'ora vya tahadhari ya kimbunga hulia Maplewood na kote katika Kaunti ya Ramsey. Hayo ni majaribio tu. Mitambo hukaguliwa ili isikwame siku ya hatari ya kweli. Wakazi wa siku nyingi huendelea na shughuli zao bila hata kuinua kichwa. Lakini katika nyumba ya familia iliyofika karibuni, mtoto wa miaka minne anaweza kukimbilia chini ya meza, akaziba masikio na kulia mpaka sauti imkauke. Ikiwa wazazi wake walikimbia vita, mlio huo huenda ukawashtua hata wao.

Mara nyingi mtoto huyo huambiwa, "Nyamaza, si kitu." Kauli hiyo hutoka katika upendo. Hata hivyo, kwa mtoto kitu kipo: moyo unamdunda na magoti yanatetemeka. Akiambiwa hakuna kitu, hubaki na hofu yake peke yake, na pole pole hujifunza kuificha. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hisia nayo ikifichwa haiishi. Hujitokeza kwa njia nyingine, kama vile kukojoa kitandani, kuumwa tumbo kila asubuhi, kupiga wenzake au kukaa kimya kupita kiasi.

Kipeperushi hiki kinaeleza njia nyingine ambayo familia yoyote inaweza kuifuata bila gharama. Hisia nzito ikipewa jina, na mtu mzima aliyetulia akiwa karibu, hupungua makali. Na jina hilo linaweza kabisa kuwa la Kiswahili.

Kwa nini mtoto mdogo hawezi kujituliza peke yake

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomwezesha mtu kufikiri kabla ya kutenda, kusubiri na kujizuia. Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi mtu anapopita umri wa miaka 20. Sehemu zinazotambua hatari na kuamsha mwili, kwa upande mwingine, hufanya kazi tangu uchanga. Ndiyo maana mtoto wa miaka miwili anaweza kujitupa sakafuni kwa sababu tu ndizi yake imekatika vipande viwili. Huo si ujeuri wala si malezi mabaya. Hisia yake ni kubwa kuliko uwezo wake wa kuizuia.

Wakati huo moyo huenda mbio, pumzi hufupika na misuli hukaza. Mawaidha marefu hayamwingii mtoto aliye katika hali hiyo. Kinachomtuliza kwanza ni mwili wa mtu mzima: sauti ya chini, kupakatwa, kubebwa mgongoni kwa kitenge kama alivyobebwa alipokuwa mchanga. Mtoto akishatulizwa hivyo mara nyingi, mwili wake hujifunza njia ya kurudi katika utulivu, na mwishowe huanza kuifuata mwenyewe.

Matarajio ya mzazi yafuate umri wa mtoto:

- Miaka 1 hadi 3: Hasira za kujitupa chini ni za kawaida. Mtoto ana maneno machache, na hutegemea kabisa kutulizwa na mtu mzima.
- Miaka 3 hadi 5: Huanza kutaja hisia zake akisaidiwa. Huogopa giza, majitu na kelele. Anaweza kuamini kwamba jambo baya limetokea kwa sababu yeye alikuwa mtukutu.
- Miaka 6 hadi 8: Anaweza kueleza sababu ya hisia na kuchagua namna ya kujituliza, lakini akichoka au akiwa na njaa hurudi nyuma.

Maneno ambayo nyumba tayari inayo

Watoto wengi wa Maplewood hufundishwa maneno ya hisia shuleni, na hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto hurudi nyumbani na maneno ambayo huenda bibi yake hayajui, naye bibi ana maneno ambayo mtoto hajawahi kuyasikia yakielezwa. Hapo ndipo pengo linapoanza. Kutaja hisia kwa Kiswahili nyumbani hakumcheleweshi mtoto katika Kiingereza. Humpa lugha ya kuzungumza na watu walio karibu naye zaidi juu ya mambo yanayomgusa zaidi.

Kiswahili kina utajiri katika jambo hili, kwa kuwa mara nyingi hueleza hisia kupitia mwili, na mtoto mdogo huuelewa mwili wake kabla hajaelewa mawazo yake:

- Hofu au woga: moyo unadunda, tumbo linasokota, viganja vina jasho.
- Hasira: uso una moto, meno yamekazana, mikono imekunja ngumi.
- Huzuni: kifua kizito, machozi yako karibu, chakula hakipiti.
- Wivu: roho inauma anapoona kichanga kipya kinapakatwa.
- Aibu: macho yanaangalia chini, mtoto anatamani kujificha, kwa mfano wenzake wanapocheka matamshi yake au chakula alichobeba.
- Upweke: wenzake wanacheza na yeye amesimama kando.
- Hamu ya nyumbani: anamuulizia babu, rafiki au mbuzi aliyeachwa kule walikotoka.

Kila kaya itumie maneno yake yenyewe. Familia kutoka Lubumbashi au Bukavu inaweza kusema kasirani mahali ambapo familia kutoka Tanga inasema hasira. Muhimu ni kwamba neno liwepo, lirudiwe, na litumike pia katika siku za raha: kwenye hadithi ya sungura na fisi, wakati wa kula, au njiani kwenda kwenye basi la shule. Maneno yaliyozoeleka wakati wa utulivu ndiyo yanayokumbukwa wakati wa dhoruba.

Hatua nne wakati hisia imepanda

1. Kukaribia. Mtu mzima apumue kwanza yeye mwenyewe, kisha ainame mpaka macho yake yalingane na ya mtoto. Ashushe sauti. Asiyetaka kuguswa asilazimishwe. Inatosha kukaa karibu naye.

2. Kutaja. Mzazi aseme anachokiona bila kulaumu: "Naona umekunja ngumi. Umekasirika, eeh?" Akikosea, mtoto atamsahihisha, na kusahihisha huko pia ni hatua ya kujitambua.

3. Kutuliza mwili. Njia moja iliyo rahisi ni uji wa moto wa kuigiza. Mtoto akusanye viganja kama ameshika kikombe, anuse harufu ya uji polepole kwa pua, kisha apulize taratibu mpaka upoe. Arudie mara tano. Njia nyingine ni kunawa uso kwa maji baridi, kusukuma ukuta kwa nguvu zote au kukumbatiwa kwa muda.

4. Kutafuta njia. Mtoto akishatulia, na si kabla, mzazi azungumze naye kwa ufupi: nini kimetokea, na mara nyingine itafanyikaje. Hapo ndipo mpaka unapowekwa wazi. Hisia zote zinakubalika, lakini si matendo yote. Mzazi aseme, "Kukasirika si kosa. Kumpiga mdogo wako, hapana. Ukikasirika, niite."

Kwa mtoto aliyeshtuliwa na king'ora, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Njoo hapa, baba. Umeogopa?"

"Ndiyo, mama. Wanakuja?"

"Hapana, hakuna anayekuja. Kile ni king'ora cha upepo mkali, leo wanakijaribu tu. Moyo wako unadunda?"

"Unadunda sana."

"Weka mkono wako hapa, na mimi naweka wangu. Tupulize uji wetu mpaka moyo utulie."

Mama huyo hakukana hofu ya mtoto, wala hakuikuza. Aliipa jina, akaeleza ukweli kwa maneno machache, na akabaki naye mpaka ikapungua.

Kuhusu nidhamu

Wengi wamelelewa kwa methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ina ukweli wake, kwani samaki mbichi hukunjika kwa mkono mwepesi, bila kuvunjwa. Mtoto anayepigwa kwa sababu analia hajifunzi kustahimili huzuni. Hujifunza kumwogopa anayemwona akilia. Vivyo hivyo, mtoto wa kiume anayeambiwa kwamba mwanamume halii hapotezi huzuni yake. Hukosa tu mahali pa kuipeleka, na mara nyingi hurudi ikiwa hasira.

Ni vyema pia familia zijue sheria za hapa. Minnesota ilipiga marufuku viboko shuleni tangu mwaka 1989. Walimu, madaktari na wauguzi wanalazimika kisheria kutoa taarifa wanaposhuku kwamba mtoto anaumizwa, na kipigo kinachoacha majeraha au alama kinaweza kuhesabiwa kuwa ukatili. Hata hivyo, mzazi anayemweleza daktari au mwalimu kwamba hasira za mtoto zimemshinda hajafanya kosa lolote. Kuomba msaada mapema ni sehemu ya malezi mema.

Mambo ya hapa yanayowashtua watoto

Mambo mengi yanayowatisha watoto hapa hujulikana kabla hayajatokea. Mtoto aliyeandaliwa huogopa kidogo kuliko aliyeshtukizwa.

Ving'ora. Mzazi aweke alama kwenye kalenda kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na amkumbushe mtoto asubuhi. Mwezi wa Aprili, katika wiki ya tahadhari ya hali mbaya ya hewa, ving'ora hupigwa pia siku ya Alhamisi, mchana na tena jioni. King'ora kikilia nje ya siku hizo, familia iingie chumba cha chini kabisa cha nyumba, mbali na madirisha, na ifuatilie taarifa za hali ya hewa.

Mazoezi ya dharura shuleni. Sheria ya Minnesota inazitaka shule kufanya kila mwaka angalau mazoezi matano ya moto, matano ya kufunga milango na moja la kimbunga. Mtoto aliyewahi kujificha kwa kweli anaweza kurudishwa na zoezi hilo katika siku hiyo ya zamani. Mzazi ana haki ya kumweleza mwalimu jambo hilo, kuuliza zoezi litakuwa lini, na kuomba mtoto akae karibu na mtu mzima anayemfahamu.

Fataki. Karibu na tarehe 4 Julai, milipuko husikika kwa siku kadhaa usiku. Mtoto aelezwe mapema kwamba watu wanasherehekea. Akitaka kukaa ndani na muziki ukiwa juu kidogo, aruhusiwe.

Majira ya baridi. Mwezi wa Desemba jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na nusu alasiri. Mtoto aliyezoea kucheza uani mpaka magharibi hujikuta amefungiwa ndani, na nguvu zisizotumika hugeuka kuwa ugomvi. Akivalishwa vizuri, hata dakika 20 za kucheza thelujini mchana, katika bustani ya Keller au mbele ya nyumba, humsaidia. Baridi ikizidi, Maktaba ya Kaunti ya Ramsey iliyoko Maplewood hupokea watoto bila malipo. Usingizi nao usipunguzwe: mtoto wa miaka 3 hadi 5 huhitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Kimya cha shuleni. Mtoto anayeanza kujifunza Kiingereza anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kusema shuleni. Ikiwa nyumbani anazungumza na kucheza kama kawaida, mara nyingi anasikiliza na kukusanya maneno. Ikiwa amenyamaza nyumbani pia, mzazi amweleze daktari.

Habari kutoka mbali. Kaya nyingi bado zina ndugu Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Goma au Uvira. Simu huingia usiku, watu wazima wakalia, na mtoto akasikia nusu ya habari. Asichoelezwa hukibuni mwenyewe, na mara nyingi anachokibuni hutisha kuliko ukweli. Aelezwe kwa maneno mafupi na ya kweli. Msiba ukitokea, aambiwe kwamba babu amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, na hatarudi. Akiambiwa kwamba babu amelala, anaweza kuogopa kulala. Akiambiwa amesafiri, atamngoja. Aambiwe pia kwamba si yeye aliyesababisha, na kwamba watu wazima wanaolia bado wanaweza kumtunza.

Mzazi naye ana moyo

Hakuna mzazi anayetulia kila wakati, hasa anayetoka zamu ya usiku, mwenye bili ya kodi mezani na ndugu walioko hatarini. Siku ambayo mzazi amefoka, malezi hayajaharibika. Akirudi na kusema, "Nilipaza sauti, nimekosea. Nisamehe, mwanangu," mtoto hujifunza kwamba hasira hupita na upendo hubaki. Shangazi, mjomba, jirani au rafiki wa ibada anaweza kumshika mtoto kwa saa moja ili mzazi apumzike.

Mzazi mwenye jinamizi, asiyelala au anayeshtuka kwa kila mlio anastahili matibabu kwa ajili yake mwenyewe. Mjini Saint Paul kuna kituo kiitwacho Center for Victims of Torture, kilichoanzishwa mwaka 1985, kinachowahudumia walionusurika mateso na vita. Daktari wa familia anaweza kumwelekeza mzazi huko au kwingine.

Wakati wa kutafuta msaada

Baada ya kuhama au kupatwa na jambo la kutisha, watoto wengi hurudi nyuma kwa muda: hukojoa kitandani, hung'ang'ania mzazi au huamka usiku. Wasiadhibiwe. Wengi hutengemaa utaratibu wa nyumbani unapotulia. Mzazi azungumze na daktari au shule ikiwa:

- hali hiyo imedumu takriban mwezi mmoja au inazidi;
- mtoto hali, halali au hachezi tena;
- anaumiza wengine mara kwa mara, au anajiumiza;
- anaigiza tukio la kutisha tena na tena bila kupata nafuu;
- amepoteza uwezo aliokuwa nao, kama vile kusema.

Mtoto akisema anataka kufa, au akijaribu kujidhuru, msaada usisubiri siku ya pili.

Mahali pa kuanzia

- Daktari wa mtoto. Watoto wenye bima ya Medical Assistance wana haki ya uchunguzi wa afya wa kila kipindi cha umri, unaoitwa Child and Teen Checkups, na hisia za mtoto ni sehemu ya uchunguzi huo.
- Wilaya ya shule. Sehemu kubwa ya Maplewood iko chini ya wilaya namba 622, North St. Paul-Maplewood-Oakdale; sehemu nyingine ziko chini ya Roseville na White Bear Lake. Wilaya hutoa bure uchunguzi wa maendeleo ya mtoto kuanzia miaka 3, unaotakiwa kabla ya chekechea katika shule za umma au ndani ya siku 30 baada ya kuanza. Wilaya pia huendesha madarasa ya wazazi na watoto wadogo yajulikanayo kwa herufi ECFE.
- Help Me Grow, simu 1-866-693-4769. Mzazi mwenye wasiwasi juu ya maendeleo ya mtoto ambaye hajaanza shule anaweza kupiga mwenyewe. Tathmini haina malipo, bila kujali kipato au hali ya uhamiaji.
- 988. Namba hii hupokea simu usiku na mchana kwa mtu yeyote aliye katika dhiki kubwa ya moyo, pamoja na mzazi anayemhofia mtoto wake. Maisha yakiwa hatarini wakati huohuo, ipigwe 911.

Katika hospitali, kliniki na shule, mkalimani hutolewa bila malipo. Anayepiga simu ataje tu neno "Swahili" na asubiri. Mtoto asitumiwe kuwa mkalimani wa mambo mazito ya familia. Mzigo huo ni mkubwa kuliko umri wake, na daktari anahitaji kusikia maneno ya mzazi yakiwa kamili.

Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao ving'ora vitalia tena. Mtoto aliyeandaliwa asubuhi huenda bado akakimbia, lakini safari hii atakimbilia kwa mama yake badala ya chini ya meza, akisema, "Mama, moyo unadunda." Akiweza kusema hivyo, ameshajua jina la anachokihisi na mahali pa kukipeleka.